Kivuli cha Mvumo



Wahenga wetu walisema kwamba kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Mvumo ni mti mrefu wa jamii ya mnazi. Kwa urefu wake, jua linapopinda asubuhi na alasiri, kivuli huanguka mbali na shina. Aliyeketi chini yake huunguzwa na jua, ilhali mtu wa mbali anastarehe. Methali hii hutumiwa kumsema yule ambaye wema wake huwafikia wageni na kuwapita jamaa zake. Wiki hii twaiazima kwa maana yake ya wazi, kwani yatufaa katika kulitazama jambo ambalo aghalabu hulipuuza, nalo ni miti ya mjini: nani huimiliki, nani huitunza, na kivuli chake humwangukia nani.

Mahali tulipochagua kulitazamia ni Nairobi, katika mitaa ya Riruta Satellite, Kawangware na Kibera, upande wa magharibi wa jiji. Ni nadra leo kupata ukoo wa Mombasa, Lamu, Malindi au Kwale usio na mtoto, mpwa au binamu aliyepanga chumba Nairobi, na wengi wao wamo katika mitaa kama hiyo, ama kwa masomo ama kwa kutafuta riziki. Twawapigia simu kuwauliza habari za kodi, chakula na usalama. Ni wachache wetu waliopata kuwauliza kama mlangoni pao pana mti.

Sisi watu wa pwani tumelelewa tukiamini kwamba Nairobi ni baridi. Jina lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na mji umekaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kijana akisafiri, mama humfungia sweta. Sweta hilo lina kazi yake mwezi wa Julai. Lakini kati ya Januari na Machi, saa nane mchana, ndani ya chumba cha mabati kilichobanana na vyumba vingine vya mabati, baridi ya Nairobi huwa ni hadithi ya watu wengine.

Ushahidi wa jambo hili upo, tena umepatikana jirani kabisa na Riruta. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, mwendo usiotimia saa moja kwa miguu kutoka Satellite. Kituo cha kupimia hali ya hewa cha Dagoretti ni mojawapo ya vile vinavyotumiwa kuuelezea ulimwengu joto la Nairobi. Vituo vya namna hiyo, kwa kanuni, huwekwa juu ya nyasi fupi, mahali pa wazi, mbali na kuta na mabati. Katika msimu wa joto wa mwaka 2015 na 2016, watafiti walitawanya vipimajoto vingi ndani ya mitaa ya mabanda, Kibera ikiwamo, kisha wakalinganisha matokeo na yale ya Dagoretti. Waliyoyaona waliyachapisha mwaka 2017: mara kwa mara joto la mitaani lilizidi lile la kituo kwa nyuzi kadhaa za Selsiasi. Wakaongeza kwamba joto la kiasi hicho limo katika kiwango ambacho tafiti za awali katika mitaa hiyo zilikihusisha na kuongezeka kwa vifo vya watoto na wazee.

Natuyazingatie hayo kwa makini. Hapa hatuzungumzii miji miwili iliyotengana kwa bahari na milima. Kibera na Dagoretti Corner ni majirani. Jua ni lilo hilo, mawingu ni yayo hayo, na mwinuko wa ardhi haukutofautiana sana. Kilichotofautiana ni kile kilichowekwa juu ya ardhi. Upande mmoja pana nyasi na nafasi. Upande wa pili pana mabati, saruji na udongo uliokanyagwa ukawa mgumu kama sakafu. Bati hupokea jua mchana kutwa na kulishusha ndani ya chumba. Mti hufanya kinyume chake kwa njia mbili. Kwanza, majani yake hulizuia jua lisiufikie ukuta, paa na ardhi. Pili, mti huvuta maji kwa mizizi na kuyatoa kwa majani yakiwa mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la hewa iliyouzunguka, kama vile maji yanavyopoa ndani ya mtungi wa udongo unaotoka jasho. Bibi zetu walioweka mtungi chini ya mwembe walikuwa wakizitumia njia hizo zote mbili kwa pamoja.

Kwa hiyo kivuli si pambo. Kwa mama anayenyonyesha katika chumba cha mabati, kwa mzee mwenye shinikizo la damu, kwa fundi wa viatu na muuza mboga wanaoshinda kando ya Barabara ya Naivasha, kivuli ni huduma kama maji ya bomba na taa ya barabarani. Na kama ilivyo kwa huduma nyingine, yafaa tuulize imegawanywaje.

Historia yatujibu. Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi, ndugu zetu Waislamu ambao wazee wao walikuwa askari wa jeshi la Waingereza waliotoka Sudan, walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na walipaita kwa kile walichokikuta: miti. Leo mgeni anayefika Kibera akielezwa maana ya jina hilo hudhani anafanyiwa mzaha. Msitu uliondoka, watu wakaja, na kwa karibu karne nzima serikali zilizopokezana hazikutaka kukiri kwamba watu hao wana haki ya kukaa walipokaa. Ilikuwa mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Mahali ambapo mtu hana hakika kwamba nyumba yake itasimama mwakani, ni vigumu kumlaumu kwa kutopanda mti wa miaka 30.

Upande wa pili, wakoloni walijipangia mji wenye vivuli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mikaratusi ililetwa nchini mwaka 1902 iwe kuni za garimoshi. Bustani ya miti ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti gani ingestawi upesi. Baadaye mijakaranda, mti wa asili ya Amerika ya Kusini, ikapangwa kando ya barabara kuu na katika mitaa ya Wazungu, hata ikawa maua yake ya zambarau ya mwezi wa Oktoba ni mojawapo ya sifa za jiji. Mji uligawanywa kwa rangi za watu, na kivuli kikafuata mgawanyo huo huo. Uhuru ulipopatikana, sheria za ubaguzi ziliondolewa, lakini miti haikuhama. Hadi leo eneo bunge moja, Dagoretti Kaskazini, lina ndani yake wodi ya Kileleshwa na wodi ya Kawangware. Mbunge ni mmoja, mvua ni moja, kaunti ni moja; lakini mtoto wa Kileleshwa hutembea chini ya matawi, na mtoto wa Kawangware hutembea chini ya nyaya za umeme.

Riruta, iliyo katika Dagoretti Kusini, ina hadithi yake ya namna nyingine. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ilikuwa mashamba ya Wakikuyu, nayo yana wenyewe wenye hati zao. Walipanda mahindi na maharagwe, na mipakani wakasimamisha migrivea, miparachichi na miti ya kienyeji. Jiji lilipowafikia, mashamba yalikatwa vipande, vipande vikawa ploti, na ploti zikajengwa vyumba vya kukodisha, kwanza vya mabati, kisha vya mawe, na sasa majengo ya ghorofa yanayoshikana bega kwa bega. Katika kila hatua ya safari hiyo mti mmoja mmoja ulianguka. Wala si kwa sababu wenye ploti ni watu waovu. Hesabu yao ni nyepesi: mparachichi wenye matawi mapana umekalia nafasi ya chumba, chumba kina kodi kila mwezi, na kivuli hakina risiti.

Mpangaji naye ana hesabu yake. Atakayepanda mche leo atauona ukitoa kivuli cha maana baada ya miaka mitano au zaidi, na hajui kama mwakani atakuwa Satellite, Kabiria au Kangemi. Apande ili nani afaidike? Ndipo tunapoiona ile methali yetu ikitimia pande zote mbili: mwenye ardhi haishi chini ya mti, na anayeishi hapo hana ardhi. Mti wa mjini hufa katikati ya hao wawili, si kwa kuchukiwa bali kwa kukosa mwenyewe.

Lau jambo lenyewe lingekuwa ni joto tu, pengine tungesema watu watavumilia. Lakini tabianchi inayobadilika haiji na joto peke yake. Kati ya mwaka 2020 na 2022 sehemu kubwa za Kenya zilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Kisha mvua za masika za mwaka 2024 zikaja kwa ghadhabu. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha nchini, na Nairobi mito ikaingia majumbani. Serikali ikawaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mitoni waondoke, na nyumba nyingi zikabomolewa. Mto Nairobi, unaoanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita Kawangware kabla ya kufika katikati ya jiji. Mto Motoine nao huingia Kibera na kumwaga maji yake katika Bwawa la Nairobi. Kingo za mito hiyo zikiwa na miti na nyasi, maji hupungua kasi, udongo hushikwa, na sehemu ya mvua huzama ardhini. Zikiwa tupu, tone linaloanguka juu ya bati huteremka kwenye saruji, hukimbilia mtaroni, na kwa dakika chache huwa mtoni likiwa na maelfu ya wenzake. Basi kubomoa nyumba kando ya mto bila kupanda na kutunza kitu mahali pake ni kuitimiza kazi nusu, tena ile nusu inayowaumiza maskini.

Je, jiji halipandi miti? Lapanda, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mwezi wa Disemba 2022 Serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili kila mwananchi apande mti. Katiba ya mwaka 2010 yenyewe, katika Ibara ya 69, yaitaka dola ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi, na hesabu iliyofanywa mwaka 2021 ilionyesha nchi imefikia asilimia 12.13. Hayo ni mema na hatuyabezi. Lakini mche si mti. Mche ni ahadi. Siku ya kupanda huwa na viongozi, picha na hotuba. Siku ya 40 baada ya hapo, jua linapowaka na mbuzi wanapopita, huwa hakuna mtu. Na hata miche hiyo ikisalimika, ikiwa yote imepandwa msituni, asilimia ya taifa itapanda ilhali mama wa Kawangware hajaongezewa hata kivuli cha kikombe.

Marehemu Profesa Wangari Maathai aliyajua haya mapema kuliko wengi wetu. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake waliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa saba. Kati ya miti hiyo iliyosalimika ni miwili tu, nayo ni vibobakasi, ule mti wenye maua mekundu kama moto. Hakukata tamaa wala hakuificha hesabu hiyo. Vuguvugu lake la Green Belt lilipoenea vijijini, kina mama walilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliosalimika. Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 2004 watu wengi huikumbuka kwa wingi wa miti iliyopandwa. Kanuni iliyoubeba wingi huo ilikuwa ni kumlipa aliyetunza. Jiji la Freetown, nchini Sierra Leone, lilianza mwaka 2020 kufuata njia inayofanana na hiyo: wakazi hupewa miche waitunze, huipiga picha kwa simu kila baada ya muda, na malipo hutolewa kwa ule ulio hai.

Nairobi imepata kuonyesha kwamba inaweza kuuheshimu mti mmoja. Mwezi wa Novemba 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkubwa wenye umri unaokadiriwa kuwa karne moja, uliosimama kando ya Barabara ya Waiyaki, ulipangiwa kung'olewa. Watu walilalamika, na amri ya Rais ikatoka kuuhifadhi. Ni habari njema. Lakini tujiulize: miti mingine iliyokatwa kando ya barabara hiyo hiyo ilikuwa na nani wa kuisemea? Mti usiohitaji rais ili usikatwe ni ule ulioandikwa mahali, unaojulikana umri wake, ugonjwa wake na mlinzi wake. Hiyo ndiyo maana ya kuisimamia miti ya mjini: kuwa na daftari, bajeti, mafundi wa kupogoa, na anwani ya kupeleka malalamiko.

Wapo watakaosema kwamba maskini anahitaji chakula kwanza, na miti ni anasa ya walioshiba. Hoja hii ina uzito, na hatutaipuuza. Lakini huyo maskini ndiye hununua maji zaidi wakati wa joto, ndiye hukosa siku ya kazi mtoto anapougua, ndiye hupoteza godoro na unga mto unapofurika. Kivuli kinamwokolea fedha alizonazo. Wengine husema miti ni hatari: matawi huangukia nyaya na mapaa, mizizi hupasua mabomba ya majitaka, na vichaka huwaficha wezi. Hilo ni kweli pale mti usiofaa unapopandwa mahali pasipofaa na kuachwa bila mtu. Mkaratusi hunywa maji mengi na haufai kando ya mto wala kisima. Mugumo ni mti wa uwanjani, si wa ukutani. Kwa ploti ndogo za Riruta panafaa mti wa kiasi, kama mparachichi uliobebeshwa au mpera, ambao utalisha nyumba na kukubali kupogolewa. Kando ya barabara na katika viwanja vya shule yafaa mringaringa, ambao Wakikuyu huuita muringa, au mzeituni wa mwituni, wanaouita mutamaiyo, miti ya nyanda zile zile iliyozoea jua na baridi yake. Mwarobaini wetu wa pwani, tunaoupenda kwa dawa na upepo wake, tusiulazimishe huko. Baridi ya Julai haiupatani. Ama wezi, dawa yao ni taa na kupogoa matawi ya chini.

Mtaalamu mmoja wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, alipendekeza mwaka 2021 kipimo chepesi ambacho familia yoyote yaweza kukitumia. Kila mtu aweze kuona angalau miti mitatu akiwa nyumbani kwake. Kila mtaa uwe na asilimia 30 ya eneo lake chini ya kivuli cha matawi. Na bustani ya karibu isizidi mita 300 kutoka mlangoni. Wiki hii, mtakapompigia simu kijana wenu aliyeko Satellite au Kawangware, mwombeni asimame mlangoni ahesabu. Jibu lake litawaambia kuhusu afya yake jambo ambalo yeye mwenyewe pengine hakuwahi kulifikiria.

Basi lipi lifanyike? Kwanza, hesabu ibadilike. Kaunti ya Nairobi, na wodi moja moja kama Riruta na Kawangware, zihesabu kivuli kilichopo mahali watu wanapoishi, na miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, badala ya miche iliyogawiwa siku ya sherehe. Wananchi wana haki ya kutoa maoni bajeti ya kaunti inapotayarishwa. Wakazi wa mitaa hii waende na ombi moja lililo wazi, la fedha za kumwagilia na kupogoa, maana fedha za kupanda hupatikana kila mara.

Pili, mti upewe mwenyewe. Dandora, mashariki ya jiji, vijana walivigeuza viwanja vilivyokuwa vimejaa taka katikati ya nyumba vikawa vya miti, nyasi na michezo, na wakazi huchanga kidogo ili wanaovitunza wapate riziki. Kibera nayo, shirika la Kounkuey Design Initiative limeshirikiana na wakazi kwa zaidi ya muongo mmoja kutengeneza maeneo ya wazi kandokando ya mito, ambayo wakazi wenyewe huyasimamia. Mambo haya mawili yatufunza kwamba nafasi hupatikana hata palipobanana, maadamu pana watu wanaojulikana kwa majina kuwa ndio walinzi.

Tatu, wenye ploti, na miongoni mwa wasomaji wetu wamo waliojenga nyumba za kukodisha Nairobi, wamwagize mchoraji wao abakize mti mmoja uliokuwapo kabla hajachora chumba cha kwanza. Mti wa miaka 40 haununuliwi dukani. Ukikatwa leo kwa chumba kimoja, wapangaji wa vyumba vingine vyote watalipa kwa joto.

Nne, misikiti, madrasa na shule. Hizi ni miongoni mwa sehemu chache za mitaa hiyo zenye ua uliozungushiwa ukuta, mlinzi, na maji kila siku. Maji ya udhu hayana sabuni wala mafuta, nayo humwagika mara tano kwa siku yakaenda mtaroni. Mfereji mdogo tu unatosha kuyaelekeza kwenye mashina ya miti mitatu au minne, na miti hiyo haitauona ukame. Mafunzo ya dini yetu juu ya thawabu ya mti uliwao na ndege, mnyama au mwanadamu yanajulikana na kila mtoto wa chuoni. Hapa pana njia ya kuyatenda isiyogharimu zaidi ya jembe na siku moja ya Jumamosi.

Na tusidhani kwamba twawasemea watu wa bara tu. Kisauni, Likoni, Changamwe na hata ndani ya Mji wa Kale, ni miembe na mikwaju mingapi imeanguka katika miaka hii kwa ajili ya ghorofa moja zaidi? Sisi tunaoanza siku kwa joto ambalo Nairobi hulifikia mchana, tuna sababu kubwa zaidi ya kuogopa. Yaliyoipata Riruta ni yale yanayotupata sisi, ila huko yamepimwa na kuandikwa.

Mvua za vuli zitaanza Oktoba, inshallah, kule na huku. Mwenye nia atafute mche wake mapema kwenye kitalu, achimbe shimo lenye upana na kina cha mkono mmoja, atie samadi, auzungushie miiba au wavu dhidi ya mbuzi, na kabla ya yote hayo amtaje kwa jina mtu atakayeumwagilia maji siku mvua zitakapokoma. Asiyempata mtu huyo asipande bado, kwanza amtafute.

Wabillahi tawfiq.